Fedha Chungu: Faida na Gharama za Uchimbaji wa Dhahabu na Mchanga katika Kaunti za Migori na Homa Bay

Utangulizi

Makala haya yanachunguza faida za kiuchumi na gharama za kimazingira zinazotokana na uchimbaji wa dhahabu katika Kaunti ya Migori na uchotaji wa mchanga katika Kaunti ya Homa Bay. Huenda msomaji wa jarida hili akauliza: pana uhusiano gani baina ya mashimo ya Nyatike na taaluma ya Kiswahili? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba hesabu ya faida na hasara hufanywa kwa lugha kabla ya kufanywa kwa tarakimu, na jambo lisilo na jina haliingii daftarini. Tutajaribu kuonyesha kwamba katika machimbo ya kusini mwa Nyanza faida ina majina mengi, mafupi, yanayofahamika kwa mtoto na mzee. Gharama, kwa upande wake, ama haina jina katika lugha ya wale wanaoilipa, ama jina lake limefungiwa ndani ya Kiingereza cha sheria na ripoti za kitaalamu. Hata hivyo, lipo neno moja la Kijaluo ambalo, kwa maoni yetu, liliifanya hesabu hiyo zamani kuliko wachumi wengi. Tutalifikia.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba mwandishi wa makala haya ni mwanafunzi wa fasihi, si mtaalamu wa madini wala wa kemia. Yale yanayosemwa hapa kuhusu sumu na mwamba yametokana na maandishi ya wataalamu waliopima. Yanayosemwa kuhusu maneno ni yetu, na tunayaleta mbele ya wasomaji ili yajadiliwe.

Kutoka Makalda hadi Osiri

Mwamba wenye dhahabu wa Migori ni sehemu ya ukanda wa kale unaovuka mpaka na kuingia Tanzania, kwenye nchi ya Mara na Geita. Kwa sababu hiyo, anayezungumzia dhahabu ya Nyatike hawezi kuitenga na ya Tarime. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati wazungu wengi walipokimbilia Kakamega kufuata habari za dhahabu iliyogunduliwa huko mwaka 1931, wachunguzi wengine walikuwa wakipekuapekua vilima vya Kavirondo Kusini. Mgodi mkubwa wa eneo hili ulikuwa Macalder, ambao wenyeji huutamka Makalda. Ulitoa shaba, zinki, fedha na dhahabu hadi ulipofungwa mwaka 1966.

Kisa cha Kakamega kinastahili kukumbukwa kwa jambo moja. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ingekuwa yao milele, na kwamba kama sehemu yoyote ingechukuliwa, wangepewa nyingine ya kulingana nayo baada ya kushauriwa. Dhahabu ilipoonekana, sheria hiyo ikarekebishwa mwaka 1932 ili ardhi iweze kutwaliwa kwa ajili ya migodi bila masharti hayo. Ahadi ya milele ilidumu miaka miwili. Tunalitaja hili kwa kuwa liliwafunza wenyeji wa nyanda za ziwa somo ambalo halijasahaulika: dhahabu ikipatikana chini ya shamba lako, usitegemee karatasi.

Baada ya Makalda kufungwa, wachimbaji hawakuondoka. Walichoondoka nacho wazungu ni mitambo na faida. Mashimo, vilima vya mabaki na ujuzi wa kuitambua miamba vilibaki. Leo hii dhahabu huchimbwa kwa mikono, kwa nyundo, patasi na baruti, huko Osiri Matanda, Mikei, Masara na sehemu nyingine za Nyatike na Suna. Kwa muda mrefu uchimbaji huu haukutambuliwa na sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 1940, iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, haikuwa na mahali pa mtu mwenye nyundo na karai. Ni Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliyomtaja, ikamruhusu kuomba kibali, na ikaagiza kuwepo kamati ya wachimbaji wa namna hiyo katika kila kaunti.

Faida na majina yake

Si haki kuzungumzia sumu kabla ya kuizungumzia ada ya shule. Waandishi wengi wa mazingira huteleza hapa. Hufika machimboni wakiwa tayari wamekasirika, wakaondoka bila kuuliza watu wamefuata nini pale.

Wamefuata bei. Mwaka 2001 aunsi moja ya dhahabu, yaani takriban gramu 31, ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya dola 300 katika soko la dunia. Agosti 2020 bei ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza, na Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000. Hakuna zao lolote la Migori, si mahindi, si muwa, si tumbaku, lililopanda bei kwa kiasi hicho katika kipindi hicho. Mkulima wa tumbaku hungoja msimu mzima, kisha hungoja kampuni ipime daraja la majani yake, kisha hungoja malipo. Mchimbaji akipata gramu moja asubuhi, jioni ina shilingi. Tena gramu hiyo hiyo humlisha mwenye shamba, mwenye shimo, vijana walioteremka, mwanamke aliyeponda mawe, mwenye kinu cha kusagia, muuza chapati, mwendesha bodaboda na wakala wa M-Pesa. Fedha ya dhahabu huenda mbali, na huenda haraka.

Kwa wanawake jambo hili lina uzito wa pekee. Aghalabu wao hawateremki shimoni. Wao huponda, huchekecha na huosha. Ni kazi ngumu yenye malipo madogo kuliko ya walio chini, lakini ni kazi inayolipwa siku hiyo hiyo, karibu na nyumbani, bila kuhitaji cheti wala hatimiliki. Mjane asiye na shamba anaweza kuifanya. Anayetaka kuifunga kazi hiyo kesho asubuhi sharti kwanza aseme mjane huyo atakula nini kesho jioni.

Lugha ya machimbo imeipokea faida hii kwa mikono miwili. Kiswahili cha wachimbaji wa upande wa Tanzania, ambacho huvuka mpaka wa Sirari na Isebania pamoja na wachimbaji wenyewe, kina hazina ya msamiati ambayo wanaleksikografia wetu wameanza tu kuiokota. Kuna duara, yaani shimo la kuteremkia. Kuna karasha, mashine ya kuponda mawe. Kuna kuchenjua, kitenzi kizuri sana, chenye maana ya kuyatenga madini na mwamba wake. Kuna mwalo, mahali pa kuoshea. Kuna marudio, udongo uliokwisha kuoshwa mara moja ambao unaweza kuoshwa tena. Kuna magwangala, mawe yanayotupwa na migodi mikubwa na kugombaniwa na wanavijiji. Mwaka 2017 neno makinikia, lililokuwa la mafundi wachache, liliingia kinywani mwa kila msikilizaji wa redio pale serikali ya Tanzania ilipozuia makontena 277 ya mchanga wa madini katika bandari ya Dar es Salaam. Neno la kitaalamu lilienea kote nchini kwa muda wa wiki chache, kwa sababu lilihusu fedha iliyosemekana kuibwa. Jambo hili litatufaa baadaye.

Zebaki

Tazama sasa jinsi gramu hiyo inavyopatikana. Mwamba ukisha kusagwa, unga wake huoshwa kwenye ubao ulioinama uliotandikwa gunia au blanketi, ili chembe nzito zinase. Kinachonaswa hutiwa katika karai, kisha humiminiwa zebaki. Zebaki ni madini yaliyo katika hali ya kioevu, mazito na yenye kung'aa, na yana tabia ya kuishika dhahabu na kuungana nayo. Mchenjuaji huikanda kwa mikono mitupu, kama anayekanda unga wa chapati. Kisha huukamua mchanganyiko kwa kitambaa mpaka ibaki donge la rangi ya fedha. Donge hilo huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi, kiwango ambacho makaa ya jiko yanaweza kukifikia. Nayo huyeyukia hewani, ikaiacha dhahabu.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Hapo ndipo penye tatizo zima. Moshi wa kuni humwasha mtu macho akasogea kando, lakini mvuke wa zebaki haumpi mtu sababu ya kusogea. Anayeuvuta kwa miaka hutetemeka mikono, hupoteza kumbukumbu, na figo zake hudhoofika, na kila moja ya dalili hizo inaweza kupewa sababu nyingine: pombe, uzee, malaria, mkosi. Kwa kuwa donge huchomwa aghalabu karibu na jiko au ndani ya duka la mnunuzi, wanaovuta si wachimbaji peke yao.

Njia hii, licha ya hatari zake, haitoi dhahabu yote. Zebaki huokoa sehemu tu, na mara nyingi chini ya nusu, ya dhahabu iliyomo katika mwamba. Iliyobaki huenda na marudio, na marudio hayo huuzwa kwa wenye matangi ya sayanidi ambao hupata kilichosalia. Kwa maneno mengine, maskini huchukua kipande kidogo cha dhahabu pamoja na sehemu kubwa ya sumu, na mwenye mtaji huja nyuma yake. Tena sayanidi ikikutana na zebaki iliyomo katika marudio huiyeyusha na kuifanya isafiri kwa wepesi zaidi majini.

Kipimo kinachojulikana zaidi cha hali hii ni kile cha Ogola, Mitullah na Omulo kilichochapishwa mwaka 2002. Katika mabaki ya mahali pa kuoshea dhahabu Migori, watafiti hao walipata zebaki kuanzia miligramu 0.46 hadi miligramu 1,920 kwa kila kilo ya udongo, kiwango cha juu kabisa kikiwa Mikei. Katika matope ya vijito zebaki ilifika miligramu 348. Kijito cha Makalda kilikuwa na risasi miligramu 11,075 kwa kilo. Risasi hii haikuletwa na mtu katika chupa. Imo katika mwamba wenyewe, na hutoka pale mwamba unaposagwa na kuachwa wazi kwa mvua. Kwa hiyo hata zebaki ingekomeshwa leo, vilima vya mabaki vingebaki vikichuruzika. Mgodi uliofungwa mwaka 1966 ungali ukitoa hesabu yake.

Mbona basi zebaki inaendelea kutumiwa? Ni rahisi, ni ya haraka, haihitaji umeme, na mara nyingi mnunuzi wa dhahabu ndiye anayeitoa kwa mkopo, au hata bure, kwa sharti kwamba dhahabu auziwe yeye. Vipo vifaa vya kunasa mvuke, ambavyo huirudisha zebaki ikatumika tena, na ipo njia ya boraksi iliyozoeleka Benguet nchini Ufilipino ambayo haitumii zebaki kabisa. Njia zote hizo zinahitaji muda kidogo zaidi. Kwa mtu anayeishi kwa malipo ya jioni, muda kidogo zaidi ni gharama kubwa.

Mto hauna mpaka wa kaunti

Maji ya machimbo ya Migori hutiririka kuingia Mto Migori na Mto Kuja, ambayo huungana na kumwagika katika Ziwa Victoria kusini mwa Karungu. Hapo tunavuka kwenda Homa Bay, kwa kuwa samaki hawajui mahali kaunti moja inapoishia. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya ziwa, na sehemu kubwa ya ufuo huo iko Homa Bay: Gwassi, Mfangano, Rusinga, Mbita, Kendu Bay. Watu wa huko hawachimbi dhahabu ya Nyatike, na bei yake inapopanda mifuko yao haijai.

Zebaki ikifika kwenye matope ya chini ya maji, vijidudu huigeuza kuwa aina nyingine iliyo hatari zaidi, inayopenya katika mwili wa kiumbe na kukaa humo. Kiumbe mdogo huliwa na samaki mdogo, samaki mdogo huliwa na mkubwa, na kila hatua sumu huzidi kulimbikizana. Mbuta mkubwa, mla samaki wenzake, huwa nayo zaidi kuliko omena. Dunia ilijifunza jambo hili katika mji wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa uliosababishwa na zebaki ya kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Wanaoumia zaidi ni watoto ambao hawajazaliwa, kwa sababu ubongo wao ndio unajengwa.

Ni wajibu wetu kutotia chumvi. Vipimo vya samaki wa Ghuba ya Winam vilivyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilionyesha kwamba samaki wengi walikuwa chini ya mipaka ya kimataifa, huku mbuta wakubwa wakiwa ndio wenye zebaki nyingi zaidi. Aidha, si zebaki yote ya ziwa inayotoka machimboni. Moshi wa kuchoma misitu na udongo unaomomonyoka mashambani nao huileta. Anayewatangazia wavuvi wa Mbita kwamba samaki wao ni sumu anawanyima mlo na soko bila ushahidi. Hata hivyo, vipimo hivyo vilifanywa dhahabu ikiwa katika bei ya chini. Bei imepanda zaidi ya mara kumi tangu wakati huo, na mlimbiko wa sumu hauna haraka.

Mchanga

Homa Bay nayo ina machimbo yake. Huko Kobala, katika nchi ya Karachuonyo, vijana huchota mchanga kutoka ufuoni na kutoka chini ya maji ya ziwa, wakaupakia kwenye malori yanayoupeleka kujenga miji. Hakuna zebaki hapa. Kuna koleo, mgongo na lori. Faida yake ni ya kijirani kabisa: kila nyumba ya mawe inayojengwa Kisumu imemlipa mtu fulani wa ufuoni, na kaunti imepata ushuru wake barabarani.

Gharama yake huonekana kwa macho, na pengine ndiyo sababu watu huizungumzia kwa ufasaha zaidi kuliko ile ya zebaki. Ufuo huliwa. Mashimo hujaa maji, mbu wakapata makao, na mtoto wa mtu akaweza kuzama. Maeneo yenye kina kifupi ambamo ngege hutagia huvurugwa, na mvuvi, ambaye mara nyingi ni ndugu wa mchota mchanga, hurudi na wavu mwepesi. Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa miongozo ya uchotaji mchanga mwaka 2007, inayotaka machimbo yatengwe rasmi na palipochimbwa parekebishwe. Lakini ni nani wa kurekebisha ufuo ikiwa lori limekwisha kuondoka na nambari yake haikuandikwa?

Tunaweza kuulinganisha mchanga huu na mwingine wa mbali. Katika jimbo la Alberta nchini Kanada kuna mchanga uliochanganyika na lami, ambao huchimbwa na kuchemshwa ili kupata mafuta. Mitambo ya huko ni mikubwa kiasi kwamba Makalda yote ingepotea ndani ya shimo moja. Imeleta ajira, kodi na mishahara ambayo vijana wa Kanada nzima wamesafiri kuifuata. Imeacha pia mabwawa makubwa ya maji machafu kando ya Mto Athabasca, na chini ya mto huo iko jamii ya wenyeji wa asili ya Fort Chipewyan, wanaoishi kwa samaki na mawindo. Mwaka 2023 jamii hiyo ilipata habari kwamba maji yalikuwa yamevuja kutoka mgodi mmoja kwa miezi kadhaa bila wao kuelezwa ipasavyo. Nchi tajiri, sheria nyingi, wanasayansi tele. Na bado aliye chini ya mto ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Mpangilio huo tunautambua. Wenye faida wako juu ya mto na hulipwa mapema. Wenye gharama wako chini, nao hulipa baadaye.

Pesa makech

Sasa tulifikie lile neno la Kijaluo. Mwanaanthropolojia Parker Shipton, aliyefanya utafiti kusini mwa Nyanza katika miaka ya 1980, alichapisha mwaka 1989 kitabu kiitwacho Bitter Money kuhusu dhana ya pesa makech, yaani fedha chungu. Kwa maelezo yake, fedha inayotokana na baadhi ya vitu huhesabiwa kuwa chungu: kuuza ardhi ya ukoo, kuuza dhahabu, kuuza tumbaku, kuuza bangi, hata kuuza jogoo wa boma. Fedha hiyo inaweza kununua chakula na nguo. Lakini haifai kulipia mahari wala kununulia ng'ombe wa kufugwa, kwa sababu ng'ombe hao watakufa, au mke aliyeolewa kwa fedha hiyo na watoto wake watafikwa na baya, isipokuwa itakaswe.

Wengine wataliita hili ushirikina. Sisi tunaliona kuwa aina ya uhasibu. Tazama yaliyomo katika orodha: ardhi, ambayo ni ya wafu na ya wasiozaliwa, dhahabu, inayotolewa ndani ya ardhi hiyo, tumbaku, inayochosha udongo na kutaka kuni. Vyote vinampa faida mtu mmoja kwa mali ambayo si yake peke yake. Na adhabu haimwangukii yeye. Humwangukia mke, mtoto, mfugo, yaani uzazi wa kesho. Mtaalamu wa sumu anayeeleza jinsi zebaki inavyompita mama ikamdhuru mtoto tumboni anaeleza, kwa njia nyingine kabisa, mkondo ule ule wa gharama. Hatusemi kwamba wazee walijua kemia. Tunasema walikuwa na mahali pa kuiandika hasara inayochelewa.

Fasihi simulizi ya Homa Bay inalielewa wazo hilo pia. Katika ngano ya Nyamgondho mwana wa Ombare, inayosimuliwa Gwassi, mvuvi fukara anamvua mwanamke kutoka ziwani, naye anamletea utajiri wa mifugo. Nyamgondho analewa na kumtusi. Mwanamke anarudi ziwani na mifugo yote inamfuata. Hadi leo wageni wanaofika Nyandiwa huonyeshwa miamba yenye alama zinazosemekana kuwa kwato zao. Wanafunzi wetu huifundisha ngano hii kama onyo dhidi ya ulevi na dharau kwa wanawake, na si makosa. Lakini inafaa kuuliza kwa nini mtambaji alichagua mali iliyotoka majini, ikaweza kurudi majini.

Dhana ya fedha chungu imefifia. Anayelipia mtoto ada kwa dhahabu leo hangoji tambiko, na hatuwezi kumlaumu. Lakini pengo lililoachwa halijazibwa na neno jingine.

Sheria kwa lugha ya nani?

Kiingereza kimejaribu kulijaza. Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika Agosti 2017, na Kenya ikauridhia mwaka 2023. Haukuwa mkataba wa anasa: kwa mujibu wa tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotolewa hewani na binadamu, takriban asilimia 38. Sheria ya Madini ya 2016 nayo inaagiza mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii inayoishi mahali madini yanapochimbwa. Ni mgawanyo mzuri kwenye karatasi. Lakini dhahabu inayouzwa usiku kwa mnunuzi asiye na leseni haina mrabaha, na asilimia 10 ya sifuri ni sifuri. Tena sheria inasema jamii inayoishi mahali pa machimbo. Haikumtaja anayekunywa maji yaliyopita hapo.

Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Hata hivyo, sheria hii ilitungwa na kuchapishwa kwa Kiingereza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inalo neno zebaki, lililotujia kupitia Kiarabu, lakini aghalabu machimboni husikika umbo la Kiingereza. Neno gharama lenyewe, katika Kiarabu, lilimaanisha faini, malipo anayotozwa aliyesababisha hasara. Katika safari yake kuja kwetu limepoteza mkosaji wake. Siku hizi tunasema gharama za mazingira kana kwamba zilijitoza zenyewe.

Hapa ndipo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vingeweza kufanya kazi ambayo wahandisi hawawezi. Makinikia lilienea kwa wiki chache. Haielekei kwamba maneno ya madhara yashindwe kuenea, mradi yawe mafupi na yamlenge mtu. Mkataba wa Minamata unataja vitendo vinne ambavyo kila nchi inapaswa kuchukua hatua kuvikomesha, na maelezo yake ya Kiingereza ni mazito kama mwamba wenyewe. Tulijaribu kuviweka katika Kiswahili cha karai. Usitie zebaki kwenye unga wote wa mwamba. Osha kwanza, utie kwenye kilichonasa tu. Usichome donge bila kifuniko cha kunasa mvuke. Usichome donge nyumbani wala karibu na nyumba za watu. Usitie sayanidi kwenye marudio yenye zebaki.

Tafsiri hii ina kasoro, na wenzetu wanaosoma isimu wataziona. Kosa kubwa liko katika neno la kwanza: kitenzi cha nafsi ya pili kinamwambia mchimbaji, ilhali aliyeileta zebaki ni mnunuzi. Kiingereza cha mkataba kimelikwepa tatizo hilo kwa kuorodhesha vitendo bila watendaji. Kiswahili hakiruhusu kukwepa kirahisi hivyo. Sharti tuchague usitie au wasitie, usimletee au asiletewe. Kabla ya bango lolote kuandikwa kwa ajili ya Osiri au Mikei, na jingine la Kijaluo kando yake, ni vyema chaguo hilo lijadiliwe na wanawake wanaokanda karai, kwa kuwa wao wanajua ni nani hufika jioni na chupa.